Kilwa Kisiwani kwa siku tatu: uliza maji kwanza

Wengi wanaokwenda Kilwa hufika Kilwa Masoko, mji wa bara, usiku, asubuhi wanavuka hadi kisiwa cha Kilwa Kisiwani, wanazungushwa kwenye kuta za mji wa kale kwa saa mbili, wanapiga picha mbele ya Gereza, ngome ya ufukweni, na mchana wako njiani kurudi Dar. Ukiwauliza wameona nini, watakwambia "magofu". Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, hawakuifikia kwa sababu maji yalikuwa yamejaa, au jua lilishapanda, au nahodha alikuwa na abiria wengine wanaomngoja ng'ambo. Ndiyo maana hapa sianzi na nyumba ya kulala wala nauli. Naanza na bahari. Waliojenga Kilwa walipanga mambo yao kwa kujaa na kupwa kwa maji na kwa pepo za msimu, na mgeni wa leo anayetaka kuuona mji ule vizuri hana njia nyingine.

Maelezo haya yanamlenga msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa basi, mwenye siku tatu na nafasi ya kulala mara mbili. Mwenye siku mbili aombe ruhusa ya siku moja zaidi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua tarehe

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, achana nayo. Barabara ya kusini inapita kwenye mabonde ya mito, na mvua ikikolea njia hukatika. Mwaka 2024 mvua za Aprili, na baada yake Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, viliibomoa barabara maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa nzuri ya kutembea, lakini mchana upepo huichafua bahari, kwa hiyo vuka mapema. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali, na kuta za mawe hulirudisha lile joto usoni mwako. Mimi nachagua Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana zamu na bahari kutulia. Ukienda Ramadhani hakuna ubaya, ila jua kwamba mwenyeji anayekutembeza amefunga na mama lishe hafungui hadi jioni.

Sasa tarehe. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo. Siku hizo, pwani yetu hii, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa kama saa nne na kupwa kama saa kumi, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa Kisiwani, unachotaka ni maji yaliyopwa asubuhi mapema, jua likiwa bado changa, ili upite ufukweni hadi Husuni Kubwa. Kwa Songo Mnara, kisiwa cha kusini zaidi, unataka kinyume chake: ufike maji yakiwa yanajaa, maana boti inaingilia kwenye mikoko. Ukihesabu vizuri utaona kwamba siku tatu nne kabla ya bamvua zinatoa vyote viwili. Chukua tarehe 12 au 27 ya mwezi mwandamo: maji hupwa karibu saa moja na nusu asubuhi na kujaa karibu saa nane mchana. Hizo ndizo tarehe za kulenga. Zikikushinda kwa sababu ya kazi, nenda tu, lakini ujue mapema utakosa nini. Na hesabu ya kalenda isikutie kiburi mbele ya mvuvi; akikwambia leo maji yamechelewa, yamechelewa.

Hatua ya 2: Njia ya kusini

Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300, lami moja kwa moja. Mabasi ya kusini hushika njia ya Mbagala, na ukipanda la alfajiri utafika kabla ya alasiri, na muda huo wa alasiri unauhitaji. Utapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa kivuko na kulala njiani halikuwa jambo la ajabu. Tafuta kiti cha dirishani. Bonde la Rufiji lina upana wa kushangaza.

Ukivuka mto utakutana na Muhoro. Wengi hulala usingizi hapo, lakini anayejua historia huamka: Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale hapo Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Basi halisimami kwa ajili ya hilo.

Somanga ni kijiji cha wavuvi. Gari likisimama, nunua samaki wa kukaanga. Halafu Nangurukuru, njia panda. Mabasi ya Lindi na Mtwara huendelea mbele. Wewe unakwenda kushoto. Ukiwa umepanda basi la Mtwara kwa kukosa la Masoko, shuka hapa na udake gari dogo. Zimebaki kilomita thelathini na ushee. Ukishuka usiku, bodaboda zipo, ila kwa umbali huo na giza lile mimi nisingeshauri.

Hatua ya 3: Jioni ya Masoko ni ya kazi

Kosa la kawaida ni kufika Masoko, kuoga, na kwenda ufukwe wa Jimbiza kupunga upepo, ukidhani mengine yatajipanga asubuhi. Yafanye siku hiyohiyo.

Kwanza kibali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Usishangae wanyamapori na misikiti ya kale kukutana. Ndivyo usimamizi ulivyopangwa. Uliza ofisi yao ilipo pale Masoko, nenda na kitambulisho chako cha taifa, maana raia na mgeni wa nje hawalipi sawa. Malipo ya serikali hupita kwenye namba ya malipo unayopewa, unalipa kwa simu au benki, na risiti unabaki nayo. Atakayekuomba pesa mkononi bila risiti, mwambie kwa upole kwamba utalipa ofisini. Ofisi ikishafungwa umeshapoteza saa mbili za asubuhi, na saa hizo mbili ndizo maji yako.

Pili, mtu wa kukutembeza. Huwezi kwenda peke yako, na hata kama ungeweza usingetaka. Kuta hazina maandishi ya kutosha. Muombe ofisini mwongoza watalii anayetambulika, na ikiwezekana mzaliwa wa Kisiwani mwenyewe. Aliyesoma chuoni atakupa miaka. Mzaliwa atakupa miaka na akuoneshe kisima ambacho bibi yake alikuwa akichota maji. Kaeni mnywe chai, mwambie wazi: "Nataka kuanza na Husuni Kubwa, maji yakiwa yamepwa." Akikujibu kwa saa bila kufungua simu, umepata mtu.

Tatu, chombo. Utaona gatini mashua za tanga na boti za injini. Mnapatana bei ya chombo kizima, kwenda na kurudi, pamoja na muda wa nahodha kukungoja. Ukisahau kutaja huo muda wa kungoja, mchana utasikia habari nyingine. Wakazi wa Kisiwani wana vyombo vyao vya kuvukia kila siku kwa nauli ya kawaida, na unaweza kupanda nao pamoja na magunia yao na kuku wao. Ni rahisi na ni safari ya kupendeza, lakini chombo hicho huondoka kikijaa, hakiondoki kwa ratiba yako. Kwa siku ya kwanza kodi chako. Uliza maboya ya kujiokolea, uyaone kwa macho.

Nunua maji ya kunywa ya kutosha, korosho (uko kusini, zinapatikana mbichi na za kukaanga), na ndizi. Toa pesa taslimu kwa wakala. Halafu sasa nenda Jimbiza.

Kuhusu kulala, Masoko kuna gesti za kila bei na hoteli chache za ufukweni. Angalia neti haina matundu. Mbu wapo, na malaria si hadithi.

Hatua ya 4: Kuvaa na kuvuka

Viatu ndiyo jambo kubwa kuliko begi. Kandambili zitanaswa kwenye tope la mikoko na utabaki umeshika kamba mkononi. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au viatu vya mpira, na uwe tayari kulowa hadi magotini. Kofia. Nguo za kufunika mabega na magoti kwa wote, wanaume pia. Dada zangu wabebe mtandio au kanga. Kisiwani ni kijiji cha Waislamu chenye watu wanaoishi, wanaolima na kuswali, na unakatisha mbele ya nyumba zao.

Ukiwa gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango-bahari mbele yako una upana wa kama kilomita mbili. Kwa injini ni muda mfupi. Kwa tanga, inategemea upepo. Tazama bandari hii. Ina kina, ina utulivu, visiwa vinaikinga na mawimbi ya bahari kuu. Jahazi lililotoka Arabuni au Gujarati kwa kaskazi liliweza kuingia hapa likatulia hadi kusi ivume lirudi. Na kwa majahazi ya kaskazini, kwenda chini hadi Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu, na kurudi nyumbani ndani ya msimu mmoja ilikuwa vigumu. Kilwa ikakaa katikati ikachukua dhahabu ya kusini na bidhaa za kaskazini. Sehemu kubwa ya utajiri wa mji huu ilitokana na ratiba ya upepo.

Muombe nahodha au mwenyeji wako asimulie habari ya kununuliwa kisiwa. Kama inavyosimuliwa katika tarekhe ya kale ya Kilwa, Ali bin Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kwa mfalme wa asili kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mfalme akahamia bara, akawa anapanga kurudi maji yakipwa, maana enzi hizo mtu angevuka kwa miguu. Washirazi wakachimba mlango-bahari ukawa na kina wakati wote. Wanaakiolojia hawaichukulii hadithi hiyo kama ilivyo. Watu walikuwa wakiishi hapa tangu karibu mwaka 800, kabla ya sultani yeyote. Lakini ukiisikia ukiwa juu ya maji hayohayo, unaelewa kilichowakosesha watu usingizi.

Hatua ya 5: Anza na kilicho mbali

Boti ikishusha karibu na Gereza, kila kitu kitakuvuta uanze hapohapo. Kataa. Gereza haliendi popote. Pinda mashariki kwa ufukweni, maji yakiwa chini, na utembee kilomita moja na kitu hadi Husuni Kubwa. Ipo njia ya juu pia, ndefu kidogo, inayopita mashambani na kwenye mibuyu. Hiyo utarudia maji yakianza kupanda.

Husuni Kubwa iko juu ya jabali linalotazama bandari. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na vyumba vyake vilizidi mia moja. Hakuna nyumba nyingine ya zama zile katika pwani hii iliyoikaribia kwa ukubwa. Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, ndiye aliyeifukua ikaonekana ramani yake. Upande wa kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, unaoaminika kuwa wa biashara na kuhifadhia mali. Unasogea kaskazini, kuelekea baharini, na kadiri unavyosogea ndivyo unavyotoka kwenye biashara na kuingia kwenye makazi ya mtawala: ua wa baraza wenye ngazi za kukalia, vyumba vya ndani, na birika la kuogea lenye pembe nane, juu ya jabali.

Kaa hapo. Ndiyo sababu ya kuamka saa kumi na moja. Saa mbili asubuhi kivuli bado kipo, bandari yote iko chini yako, na unaona kila chombo kinachoingia na kutoka, kama alivyoona yeye. Ushahidi unaonesha kwamba jumba hili halikukamilika na halikukaliwa kwa muda mrefu. Mwenyeji wako atakuwa na maelezo yake ya kwa nini. Yasikilize yote, usiyaandike yote.

Husuni Ndogo iko jirani, ng'ambo ya korongo: uzio wa mstatili wenye kuta nene na minara. Ilikuwa ya nini, wataalamu hawajakubaliana. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 6: Msikiti Mkuu, na nguo za sultani

Rudi kwa njia ya juu kupitia kijijini. Ukikuta mzee barazani, "Shikamoo" kabla ya kamera. Picha ya mtu huombwa. Picha ya mtoto huombwa kwa mama yake.

Msikiti Mkuu utaukuta saa nne hivi, na hiyo ni saa nzuri kwa sababu ndani ya matao kuna kivuli. Uingie kwa kufuata umri wake. Sehemu ya kaskazini, ndogo, ndiyo kongwe, ya karne ya 11 hadi 12. Sehemu ya kusini, ile pana yenye safu za nguzo, matao na kuba, iliongezwa zama za al-Hasan bin Sulaiman na ikajengwa upya karne ya 15 baada ya kuporomoka. Weka mkono karibu na ukuta, usiguse, uangalie: mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Kwa nakshi na mihirabu walitumia tumbawe laini lililochongwa lingali bichi kutoka baharini, kabla halijakauka na kuwa gumu.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri, na akaandika kwamba majengo yake ni ya miti. Wageni wengi hukwazika na maneno hayo wakiwa wamezungukwa na mawe. Lakini jiwe lilikuwa la matajiri na la ibada. Watu wengi waliishi kwenye nyumba za miti na udongo ambazo leo hazina gofu. Ukitembea kati ya msikiti na kijiji unakanyaga mji huo mwingine bila kuuona.

Yeye ndiye aliyetuachia kisa cha nguo, na hapa msikitini ndipo pa kukisimulia. Sultani, al-Hasan bin Sulaiman huyohuyo, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, alikuwa akitoka kwenye swala ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa za watu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Waongozaji wengi huishia kwenye nguo. Wewe uliza habari za wale ishirini. Si kwa ubishi. Ni kwa sababu ukiwaacha, kasri la Makutani na mji wa Kivinje, vinavyofuata mbele, hutavielewa.

Hatua ya 7: Yaliyobaki, kwa haraka na kwa polepole

Kutoka Msikiti Mkuu hatua chache kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, na ndio uliosalimika kuliko yote. Inua macho: kwenye kuba zake walipachika mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo.

Makutani ni ngome na kasri la baadaye zaidi, hasa la karne ya 18, Kilwa ilipoinuka tena. Iliinuka kwa nini? Mwaka 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kuta hizi zilinenepa katika zama hizo. Kwangu huu ndio uchungu wa Kisiwani: jengo zuri na mkataba ule ni vya nyumba moja.

Gereza, mwisho, ufukweni. Wareno walikuja na Vasco da Gama mwaka 1502 kudai kodi, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaupora mji na kujenga ngome. Waliiacha mwaka 1512. Unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni ujenzi wa Waomani wa karibu mwaka 1800 juu ya mabaki ya Kireno, na bahari imeshakula kipande chake. Mmomonyoko huo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya UNESCO, iliyoiingiza Kilwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuiweka kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Mikoko unayoikanyaga njiani ina kazi ya kuzuia wimbi. Usiivunje matawi kwa ajili ya fimbo.

Chini utaona vigae, pengine vya rangi ya kijani au buluu, pengine shanga. Acha palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoka navyo, na kigae kikishatoka mahali pake hakimwelezi mtaalamu chochote. Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo kama ukucha, na kupotea kwake ni rahisi. Moja imepatikana Great Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje. Usipande kuta kwa ajili ya picha. Chokaa ile ina miaka mia saba na uzito wako haiujui.

Chakula cha mchana kisiwani hakipatikani kwa kutembea na kuuliza. Mwambie mwenyeji wako jana yake, naye atamwambia mama fulani kijijini. Utakuta wali wa nazi na samaki. Pesa hiyo inabaki Kisiwani, tofauti na kiingilio. Dafu utalipata kwa aliye tayari kupanda mnazi.

Vuka kurudi kabla upepo wa alasiri haujakaza.

Kama una siku ya nne: Songo Mnara

Wapenda nyumba waende huku. Kisiwani kuna majengo makubwa. Songo Mnara kuna mji: nyumba kwa nyumba, madaka, vyumba vya ndani, misikiti kadhaa, makaburi, ukuta wa kuzunguka. Mji huu uliishi karne ya 14 hadi mwanzoni mwa 16 kisha ukaachwa, kwa hiyo haukujengewa juu na watu wa baadaye. Unaweza kusimama mlangoni ukasema mgeni alikomea hapa, wenyewe waliendelea kule.

Kwa injini ni saa moja au zaidi kutoka Masoko, kwa tanga weka siku nzima. Kwa tarehe nilizotaja, ondoka saa nne, ufike maji yakipanda, uondoke saa nane yakiwa yamejaa. Ukikosea, utatembea kwenye tope la mikoko kwa muda mrefu, na boti itakaa juu ya mchanga ikikungoja wewe na bahari. Kibali na mwenyeji ni vilevile. Boti iwe kubwa kidogo, na kipindi cha kusi muulize nahodha mara mbili kama bahari ya nje inapitika. Akisita, usimbembeleze.

Hatua ya 8: Kivinje, siku ya kuondoka

Asubuhi ya tatu, beba begi na upande gari la kuelekea Nangurukuru, ushukie njia ya Kivinje, kisha bodaboda kilomita chache hadi ufukweni. Saa tatu zinatosha.

Kilwa Kivinje ndiyo iliyochukua nafasi ya Kisiwani karne ya 19. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia hapa, na mji ukawa miongoni mwa bandari kubwa za kusafirishia watumwa pwani hii. Kuna boma la Wajerumani linalotazama bahari, nyumba za ghorofa za wafanyabiashara zilizoinama, milango michache ya nakshi ambayo bado haijauzwa. Hakuna kiingilio cha mtaani, kwa hiyo hakuna anayekuzuia wala anayekueleza. Tafuta mzee wa mtaa na umshukuru vizuri.

Muulize palipo Mwembe Kinyonga, mahali pa kunyongea watu. Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani huku kusini, alinyongwa hapa Kivinje mwaka 1895, na baada yake wengine wa Maji Maji. Pana mnara wa kumbukumbu.

Soko la samaki la Kivinje huchangamka vyombo vikirudi, na hapo utakunywa supu ya pweza kwa bei ambayo Dar wameshaisahau. Kunywa, kisha uwahi Nangurukuru. Mabasi yanayotoka Mtwara na Lindi hupita hapo mchana, mara nyingi yakiwa yamejaa; kama hutaki kusimama hadi Mbagala, kata tiketi Masoko jana yake kwenye basi linaloanzia huko, na uwaambie kabisa kwamba utapandia njiani.